Robo ya Mzunguko

Liliingia Kizota likivutwa kwa kamba ya katani,
Landrova la mwaka hamsini na tisa, ukijani umechujuka
ukawa wa mlenda ulioanikwa juani.
Sudayi wa gereji ya jirani akalizunguka mara moja:
"Ng'oa boksi hilo, funga la Toyota,
stelingi ilainike kama uji."
Nikamwambia gari hili halijawahi kuvaa nguo ya kuazima.
Akacheka, akaenda kunywa chai.

Ugonjwa wake naujua tangu utoto.
Unazungusha usukani robo nzima, kimya;
kisha, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini,
magurudumu yanaitika.
Marehemu baba aliujua ulegevu ule
kama mtu anavyolijua goti lake bovu.
Alianza kukata kona ya Veyula
kabla kona yenyewe haijatokea.
Wengine wote waliojaribu waliishia mtaroni,
mjomba Chilongani mara mbili.

Na mama akiomba kushika,
hata uwanjani, hata Jumapili asubuhi barabara tupu,
aliambiwa, "Hili linanijua mimi tu, Madeje."
Akakaa kushoto miaka thelathini na moja,
kapu la zabibu mapajani.

Nati ya kwanza ilinigomea siku mbili.
Niliinywesha dizeli, nikaipasha moto, nikaibembeleza,
nikaitukana kwa Kigogo, lugha ambayo nati za Ulaya hazijaizoea;
siku ya tatu ikalia kwii, ikaachia.
Nikatandika kitenge chakavu, nikafungua boksi.
Oili ikatoka nyeusi, nzito,
zikafuata gololi, moja moja,
watoto wakachuchumaa wakidhani nitawagawia.

Kitabu kinasema kumi na mbili.
Nilihesabu kumi na moja.

Nikapepeta vumbi kwa ungo. Nikaburuta sumaku ya spika mbovu
kutoka mlangoni hadi chooni:
pini, visoda, nusu ya wembe.
Kumi na moja.
Basi haikudondoka. Haikuwemo.
Kuna mtu alilifungua boksi hili kabla yangu
akalifunga na pengo ndani yake,
na mikwaruzo ya spana, nilipoifuta kwa kidole,
ilikuwa imeinama upande usio wa kawaida.
Baba alitumia mashoto.

Nilikaa kidogo. Upepo wa Julai ulikuwa unapigapiga mabati.
Ilimpotea, au aliitoa?
Chuma hakisemi. Kinaonyesha tu pale kilipolika.

Ya kumi na mbili ilikuja na basi kutoka Arusha
imeviringishwa kwenye karatasi ya risiti.
Nikaziosha zote kwa petroli,
nikazilaza kwenye mfereji wao kwa grisi, zikashikana mabega,
nikakaza skrubu ya juu, nikapima, nikakaza tena,
mpaka ulegevu wote ukabaki upana wa ukucha.

Nililijaribu mwenyewe njia ya Makutupora
na nusura niingie kwenye mizabibu ya watu:
mikono yangu, iliyosoma kwa kumtazama baba,
iliitangulia kona,
na gari, safari hii, likasikia mara moja.
Nilisimama pembeni, moyo unagonga,
mchunga mbuzi akaniambia "Mbukwa!" kwa sauti ya kunipa pole.

Mama alikuwa mlangoni niliporudi.
Hakuuliza bei.
Alivua kandambili, akazunguka upande wa kulia,
akavuta kiti mbele, kikalalamika.
Akauliza, "Lilikuwa na nini?"
"Gololi moja tu, mama. Haikuwemo."
Alinitazama kama mtu anayejumlisha
hesabu ndefu bila kalamu.
"Moja," alisema.
Akauzungusha usukani kidogo, magurudumu yakaitika,
akaurudisha, yakaitika.
"Haya. Panda."

Nikapanda kushoto.
Kapu akaniwekea mapajani.